Wajukuu Wangu Wanaitwa Murphy: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Ukoo wa Kiayalandi

Binti yangu aliolewa Cork, kusini mwa Ayalandi, na wajukuu wangu wawili wanaitwa Murphy. Siku moja yule mkubwa aliniuliza kwenye simu, "Babu, Murphy ni kabila gani?" Nikamwambia ngoja nitafute. Nilikuwa karani wa masjala ya ardhi hapa Tanga kwa miaka 26, nikajua hiyo ni kazi ya wiki mbili. Imenichukua miezi 14, na karibu nusu ya muda huo niliutupa bure kwa sababu nilianza na jina.

Wengi huanza hivyo. Unaandika "Murphy" kwenye kompyuta, unaletewa ngao za rangi (nembo za kizamani), wafalme na mashujaa, na mtu wako humwoni. Jina la Kiayalandi halikufikishi kwa mtu. Kinachokufikisha ni kitongoji alikozaliwa, na hatua zote zilizo hapa chini zinakitafuta hicho. Nimetumia Murphy kwa sababu ndilo ninalolijua, lakini mwenye Kelly, Byrne au O'Sullivan atapita njia hii hii.

Jina lenyewe: lisome, ila usilale hapo

Murphy ni jinsi makarani wa Kiingereza walivyoliandika jina Ó Murchadha, ambalo siku hizi huandikwa Ó Murchú. Murchadh lilikuwa jina la mtu, limeundwa kwa maneno mawili ya Kiayalandi: muir, yaani bahari, na cath, yaani vita. Mpiganaji wa baharini. Ó maana yake ni mjukuu au mzao wa, na Mac ni mwana wa, kama bin yetu, ole ya Wamaasai au arap ya Wakalenjin. Tofauti ni kwamba bin husogea kila kizazi: Ali bin Juma humzaa Hamisi bin Ali, na Juma anabaki nyuma. Waayalandi walimshika babu mmoja wakamganda. Kuanzia karne ya 10 na ya 11 majina yao ya ukoo yalikwisha kutulia, mapema kuliko sehemu kubwa ya Ulaya.

Kwa Kiayalandi mwanamke haitwi Ó Murchú. Binti wa ukoo ni Ní Mhurchú, na mke aliyeolewa humo ni Uí Mhurchú. Mwanzo wa neno unabadilika, jambo ambalo halipaswi kumtisha mtu anayesema mtu mrefu, njia ndefu, watu warefu. Ukisoma jiwe la kaburi au hati ya Kiayalandi, tafuta maumbo yote matatu. Kwa Kiingereza tafuta pia Murphey, Morphy, O'Morchoe na MacMurphy, maana karani aliandika alichosikia.

Lililonipotezea muda ni hili: Murchadh hakuwa mmoja. Kulikuwa na koo za Ó Murchadha Wexford, kwenye eneo la Ballaghkeen, nyingine Cork, hasa upande wa Muskerry, na nyingine Sligo. Kaskazini, Tyrone na Armagh, walikuwa Mac Murchadha. Kalamu ya Kiingereza iliwakusanya wote ikawaita Murphy. Kwa hiyo Murphy wa Wexford na Murphy wa Armagh wanaweza wasichangie hata tone la damu, kama Juma wa Pangani na Juma wa Kigoma. Nao ni wengi mno. Msajili Mkuu Robert Matheson alipopiga hesabu kwa vizazi vya mwaka 1890, Murphy lilitokea la kwanza nchini, likiwa na watu wanaokadiriwa kufika 62,600, mbele ya Kelly waliokuwa 55,900. Hadi leo halijashuka. Kumtafuta mtu kwa jina hilo peke yake ni kusimama Kariakoo na kuita "Juma!"

Ukikutana na Murphy wa Wexford atakuambia yeye ni ndugu wa Padre John Murphy wa Boolavogue, aliyeongoza wanakijiji katika uasi wa 1798 akanyongwa Tullow mwezi Julai mwaka huo huo. Msikilize kwa adabu. Padre haachi uzao, na udugu wa pembeni unahitaji karatasi.

Ile Ó nayo isikuchanganye. Wengi waliiacha katika karne ya 17 na ya 18, chini ya utawala wa Kiingereza, na mwamko wa lugha wa mwishoni mwa karne ya 19 ukairudisha kwa baadhi: O'Sullivan na O'Connor walirudi, Murphy kwa kawaida hakurudi. Kuwa nayo au kutokuwa nayo hakuthibitishi kitu.

Hatua ya 1: wazee walio hai, na swali moja

Usiwaulize wazee "ukoo wetu ulitoka wapi?" Watakujibu Cork, na Cork ni kaunti kubwa kuliko zote nchini. Uliza: bibi alikuwa akisali kanisa gani? Maziwa waliyapeleka wapi? Nani alizikwa wapi? Shamba liliitwaje? Mkwe wangu aliapa hajui lolote. Nilipomuuliza babu yake alizikwa wapi, alitaja makaburi na parokia bila hata kufikiri.

Jina la shamba ndilo unalolitaka. Ayalandi imegawanywa katika vitongoji zaidi ya 60,000, kila kimoja kinaitwa baile fearainn, na vingine vina nyumba tano tu. Juu yake kuna parokia ya kiserikali, kisha baroni, kisha kaunti, ambazo jumla ni 32. Parokia ya Kikatoliki ni kitu kingine, mipaka yake haifuati ile ya serikali. Na wilaya ya usajili wa vizazi ni kitu kingine tena, ilirithi mipaka ya maeneo ya misaada kwa maskini yaliyochorwa kuanzia 1838. Mtu mmoja anaweza kuwa na anwani nne, zote sahihi. Chora jedwali mapema. Tovuti ya logainm.ie, ambayo ni hifadhi rasmi ya majina ya mahali, itakupa kila kitongoji na ngazi zake, kwa Kiayalandi na Kiingereza. Majina hurudiwa, kwa hiyo usikubali kitongoji kisicho na parokia pembeni.

Kama mtu wako alihama, kwanza maliza karatasi za nchi aliyohamia. Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu kama milioni moja na kuwaondoa wengine kama milioni moja, na asili ya wahamiaji hawa iliandikwa vizuri zaidi kule walikofika. Kwa Marekani, maombi ya uraia ya baada ya 1906 hutaja mahali pa kuzaliwa kwa undani kuliko yale ya zamani. Tazama pia vyeti vya vifo, madaftari ya ndoa ya kanisa, na mawe ya makaburi, maana Waayalandi wengi waliandikiwa parokia ya nyumbani juu ya kaburi la ugenini.

Hatua ya 2: vyeti vya serikali

Usajili wa vizazi, vifo na ndoa zote ulianza 1 Januari 1864. Ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza kusajiliwa mapema zaidi, 1845. Ingia irishgenealogy.ie, tovuti ya serikali isiyo na malipo, utaona picha ya ukurasa wenyewe wa daftari: vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa zilizopita 75, na vifo vilivyopita 50. Vya karibu zaidi vinaombwa kwa Msajili Mkuu aliyeko Roscommon. Kaunti sita za Ayalandi ya Kaskazini, tangu 1922, zina msajili wao Belfast, na kuona picha zake kwenye mtandao kunalipiwa.

Anza na ndoa, kwa sababu cheti cha ndoa kinataja baba za pande zote mbili na kazi zao. Kisha tafuta vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ambavyo vinataja jina la mama kabla hajaolewa. Hapo ndipo Murphy anapoanza kushikika. Daniel Murphy wa wilaya ya Macroom ni wengi kama mchanga, lakini Daniel Murphy aliyezaa na mwanamke wa ukoo wa Lucey, au wa ukoo mwingine usio wa kila nyumba, ni wachache. Tafuta kwa jina la mke. Cheti cha kifo hakitaji wazazi, lakini hutaja aliyetoa taarifa, na mara nyingi huyo ni mtoto au mkwe.

Jambo moja la kuchekesha. Utakuta mtoto amebatizwa tarehe 3 na "kuzaliwa" tarehe 20. Wazazi waliochelewa kumsajili walikuwa wanatozwa faini, basi wakaisogeza mbele siku ya kuzaliwa mbele ya msajili. Padre hakuwa na sababu ya kudanganya. Amini ubatizo.

Hatua ya 3: sensa mbili, na ile ya tatu

Sensa ya 31 Machi 1901 na ya 2 Aprili 1911 zimebaki kamili, na zinasomwa bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi. Ya 18 Aprili 1926, iliyohesabu kaunti 26 tu, ilifungwa kwa sheria ya miaka 100, kwa hiyo zamu yake ya kufunguliwa ni Aprili 2026.

Usiishie kwenye orodha ya majina iliyochapwa. Fungua picha ya fomu. Utaona nani alijua kusoma, nani alisema Kiayalandi, na kama mwenye nyumba alitia saini au aliweka alama ya X. Fomu ya 1911 ilimuuliza mke ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi hai, na wangapi wangali wazima. Fomu ya pili, ya nyumba, inaeleza paa, kuta, vyumba na idadi ya madirisha ya mbele. Nilipomsomea mjukuu wangu kwamba nyumba ya babu wa babu yake ilikuwa na madirisha mawili na watu tisa, alinyamaza kidogo, kisha akauliza walilalaje.

Umri wa sensa usiuamini. Watu wengi walizeeka miaka 15 au zaidi kati ya 1901 na 1911. Sababu ni pensheni ya wazee, iliyoanza kulipwa Januari 1909 kwa waliofika miaka 70. Aliyezaliwa kabla ya 1864 hakuwa na cheti, basi kila mmoja alijipa miaka aliyoihitaji. Maofisa wa pensheni walikwenda kuwatafuta waombaji katika sensa za 1841 na 1851, na karatasi za upekuzi huo zimebaki mpaka leo ingawa sehemu kubwa ya sensa zenyewe zimeteketea. Nazo zimewekwa wazi na Hifadhi ya Taifa. Ukimpata mtu wako humo, umepata familia ya wakati wa njaa.

Kuhusu kuteketea, ni vizuri ulijue tundu hili mapema. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, hifadhi ya nyaraka ya Four Courts mjini Dublin ililipuka na kuungua. Zilikwenda sensa za 1821 hadi 1851, isipokuwa vipande, pamoja na wosia na madaftari mengi ya Kanisa la Ayalandi, lile la Kianglikana. Sensa za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikwisha kuziharibu, na za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi mpya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Nikiwa mtu wa masjala, hilo la kusaga liliniuma kuliko moto. Tangu 2022 kuna Virtual Record Treasury, inayokusanya nakala za vilivyoungua kutoka hifadhi nyingine duniani. Ipitie, ni bure.

Hatua ya 4: daftari la padre

Kabla ya 1864, kwa Mkatoliki, kuna kanisa tu. Maktaba ya Taifa ya Ayalandi iliweka mtandaoni mwaka 2015 picha za madaftari ya parokia hadi karibu 1880, kwenye registers.nli.ie. Mijini mengine huanza karne ya 18. Vijijini, hasa magharibi, huenda yakaanza miaka ya 1820 au baadaye, na kabla ya hapo ni giza. Picha hizo hazina orodha ya majina, unasoma ukurasa kwa ukurasa. Orodha zinapatikana Ancestry, Findmypast au rootsireland.ie, baadhi kwa kulipia. Kwa jimbo la Cork na Ross, irishgenealogy.ie inayo bure, lakini angalia jimbo kwanza: Macroom iko Cork kiserikali, ila kikanisa iko jimbo la Cloyne.

Padre aliandika Kilatini. Joannes ni John, Jacobus ni James, Gulielmus ni William, Brigida ni Bridget. Kisha kuna majina ya Kiayalandi yaliyovishwa kanzu ya Kiingereza: Diarmuid akawa Jeremiah, Tadhg akawa Timothy, Conchobhar akawa Cornelius. Mtu mmoja anaweza kuwa Darby kwenye daftari la kodi, Jeremiah kanisani na Jerry kwenye kaburi. Mimi nilimzika Jerry wetu mara mbili kabla sijagundua.

Andika wadhamini wa ubatizo wote. Mara nyingi ni kaka au dada wa wazazi, na ukiona majina yale yale yanarudi nyumba hadi nyumba umeupata ukoo. Tazama pia mpangilio wa majina ya watoto. Kwa desturi, mwana wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba. Wakikuyu wataisoma desturi hii bila mkalimani, isipokuwa kwao binti wa kwanza ni wa bibi mzaa baba. Si sheria. Ni fununu ya kukuambia utafute nani.

Hatua ya 5: ardhi

Hapa ndipo nilipojisikia nyumbani. Kati ya 1847 na 1864, chini ya Richard Griffith, serikali ilikadiria kila shamba na nyumba nchini ili kutoza kodi. Ukadiriaji wa Griffith unataja anayekalia ardhi, anayemkodisha, ukubwa na thamani, na una ramani zenye namba. Upo bure askaboutireland.ie. Nyuma yake kuna madaftari ya zaka ya 1823 hadi 1837, ambayo watu wa dini zote walilipa kulitunza Kanisa la Kianglikana. Vyote viwili vinataja wakuu wa nyumba, si wake wala watoto.

Fanya hivi: hesabu Murphy walio kwenye Griffith parokia kwa parokia. Parokia yenye nyumba 40 za Murphy iache mwisho. Kisha tafuta ukoo wa mke kwenye orodha hiyo hiyo. Parokia ambako koo zote mbili zipo, hapo ndipo pa kufungua daftari la padre.

Na kitongoji chenye Daniel Murphy wawili? Mkadiriaji aliwatenganisha kwa mabano: la kwanza Daniel Murphy (John), yaani wa John, la pili Daniel Murphy (Rua), mwenye nywele nyekundu. Utakutana pia na Bán, mweupe, na Mór, mkubwa. Ni mambo ya Ali Mrefu na Ali wa Mwajuma. Neno hilo dogo kwenye mabano lina thamani kuliko kitabu kizima cha ngao.

Baada ya Griffith yanafuata madaftari ya masahihisho. Kila mkulima alipokufa, kuuza au kuondoka, karani alikata jina na kuandika jipya kwa wino wa rangi nyingine, na mwaka pembeni. Yapo Dublin, chini ya Tailte Éireann, mamlaka ya ardhi iliyoanza Machi 2023, na ya kaunti za Kaskazini yapo kwenye hifadhi ya PRONI ya Belfast, yanasomwa mtandaoni bure. Kwa hayo unamfuata mtu na kiwanja chake kutoka miaka ya 1850 hadi karne ya 20, rangi baada ya rangi. Mwaka jina lilipokatwa, katafute cheti cha kifo mwaka huo na miwili ya nyuma.

Ukishakishika kitongoji, fungua duchas.ie usome masimulizi ambayo watoto wa shule walikusanya kwa wazee wao mwaka 1937 hadi 1939. Huenda usikute ndugu yako, lakini utakuta kisima chake.

Vya kuepuka

Ngao ya ukoo wa Murphy inayouzwa kwenye vikombe na fulana si yako. Ngao ilitolewa kwa mtu na uzao wake, si kwa kila mwenye jina, na ofisi inayohusika ni ya Mkuu wa Ngao iliyo chini ya Maktaba ya Taifa, Dublin. Niliinunua moja kabla sijajua. Binti yangu anaitumia kuwekea kalamu.

Kipimo cha vinasaba vya mstari wa baba kina faida kwa jina kama hili: kinaweza kuonyesha kama Murphy wako analingana na wa Cork au wa Armagh. Lakini lazima apimwe mwanamume mwenye jina hilo, baba kwa baba. Kabla ya kutuma mate, jiulize kama familia iko tayari kusikia kwamba mstari ulikatika mahali.

Miti ya ukoo iliyokwisha pandishwa na watu mtandaoni isome kama umbea wa msibani. Mara nyingine kuna ukweli, lakini haunukuliwi.

Hatua ya 6: barua

Daftari la ardhi likikufikisha kwa anayekalia shamba leo, utataka kumwandikia. Hapa nitasema kama mtu aliyekaa nyuma ya meza ya ardhi miaka 26. Mgeni akija na karatasi za mwaka 1852 na kusema "sisi ni ndugu, babu yetu alilima hapa," mwenye shamba hasikii udugu, anasikia kesi. Barua yangu ya kwanza ilianza hivyo na haikujibiwa.

Ya pili niliiandika upya. Sentensi ya kwanza ilisema hatudai kitu. Ya pili ilitaja makaburi na parokia. Ya tatu iliuliza kama anajua lile bonde dogo nyuma ya nyumba linaitwaje. Nikatia picha ya wajukuu. Majibu yalikuja baada ya siku tisa, kurasa nne, na jina la bonde lilikuwa la kwanza.